Nimefuta historia ya terminali kwenye simu ya Linux lakini paswedi yangu inarudi tu, msaada wakuu

kijana_wa_nyakato

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Kuna jambo linanikosesha raha tangu juzi, naomba mnisaidie.

Natumia OnePlus 6, niliipata mtumba nikaitoa Android nikaweka Mobian (Linux ya Debian iliyoandaliwa kwa simu) yenye Phosh (muonekano wake wa skrini), yaani ni kama natembea na Debian mfukoni na naipenda kwelikweli. Sasa juzi mdogo wangu kaja likizo, akaomba aione, nikampa. Kafungua terminali (dirisha la kuandikia amri), kabonyeza mshale wa juu unaorudisha amri za nyuma mara tatu nne hivi, halafu ananiuliza "kaka hizi namba ni za nini?" Kuangalia, ni paswedi yangu, imekaa peke yake kwenye mstari, wazi kabisa. Na wanaotumia Phosh mnaelewa, paswedi ya akaunti ndiyo PIN ya kufungulia skrini na ndiyo hiyohiyo ya sudo (amri ya kufanya mambo kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo), kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili kwa kubonyeza mshale tu kashaishika simu yote.

Ilivyofika pale nadhani najua. Niliandika sudo apt update, nikapiga Enta, nikaandika paswedi harakaharaka kwa mazoea hata skrini sijaiangalia, kumbe sudo ilikuwa bado inanikumbuka wala haikuuliza kitu. Apt ilipomaliza zile namba zikasomwa kama amri, ikaja "command not found", mimi nikapotezea nikaendelea na mambo yangu. Na terminali huwa siifungi, inakaa wazi hata siku tatu.

Usiku ule nikaandika

rm ~/.bash_history

nikabonyeza mshale wa juu, bado ipo. Nikafunga terminali nikafungua upya, ipo. Nikazima simu kabisa nikawasha, ipo! Hapo nikaacha kugusa nisije nikaharibu zaidi.

Na kingine, wiki iliyopita niliunganisha waifai ya kazini kwa terminali, sudo nmcli (amri ya mitandao) na kadhalika, paswedi ya waifai nikaiandika humohumo kwenye amri. Sasa sijui nayo imekaa wapi na wapi. Natanguliza shukrani.

fundi_dom

Pole mkuu, hii imewakuta wengi, na simu hujaiharibu.

Shida ni kwamba bash (sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali) ina sehemu mbili za kukumbuka. Kuna orodha iliyo kwenye RAM muda wote terminali ikiwa wazi, na kuna faili ~/.bash_history. Chukulia karani ana daftari. Terminali ikifunguliwa anasoma daftari lote analiweka kichwani, kisha kila unachoandika siku nzima anakishika kichwani tu, jioni ukifunga ndio anaandika. Wewe ulichoma daftari karani akiwa amekaa palepale, ulipofunga terminali akatoa daftari jipya akaandika yote ya siku ile, pamoja na paswedi na hata ile rm yenyewe. Ndiyo maana hata ulivyozima simu haikusaidia, ilikuwa imeshaandikwa upya.

Ila ukiichomoa simu ghafla, betri ikifa mfano, karani hapati nafasi ya kuandika kitu. Wengine hushangaa kwa nini amri za jana hazipo, sababu ni hiyo.

Sasa fanya hivi. Kwanza funga madirisha yote ya terminali bakiza moja, na kama umeingia kwa ssh (kuendesha simu kwa mbali) kutokea kwenye laptopu, toka huko nako, maana kila dirisha lina karani wake na wakiwa wengi watavurugana. Halafu:

history | tail -n 40

Usiandike history peke yake kwenye simu utaskroli mpaka vidole viume. Kila mstari una namba kushoto, tafuta wa paswedi, tuseme ni 214:

history -d 214
history -w

Ya kwanza inautoa kichwani, ya pili inamlazimisha aandike daftari upya sasa hivi kutokana na alichonacho kichwani. Kama mistari mibaya imefuatana, kuanzia bash 5.0 ya mwaka 2019 unaweza kuandika history -d 214-217 ikaondoka yote kwa pamoja, na Mobian yako ina bash mpya kuliko hiyo. Anza na namba kubwa ushuke, maana ukitoa mstari wa juu wa chini yake wote wanabadilika namba utafuta usichokitaka.

Ukitaka kufagia yote kabisa ni history -c && history -w, kwa mstari mmoja.

Na jambo moja naomba ulizingatie sana mkuu, usije ukaandika grep (amri ya kutafuta neno) na paswedi yenyewe ili uitafute kwenye faili. Hiyo grep nayo inaingia kwenye historia, unakuwa umeiandika mara ya pili. Fungua faili kwa nano, tafuta ndani ya nano kwa Ctrl+W.

bintpwani

Nyongeza kwa wale wa postmarketOS (Linux nyingine ya simu) wasije wakafuata hapo juu wakakwama. Mimi nipo na PinePhone, sheli yangu ni ash ya BusyBox siyo bash, na history -c haikunifanyia kitu chochote, hazipo hizo -c na -w na -d. Faili pia ni jingine. Kwanza jua upo kwenye nini:

echo $SHELL
echo $HISTFILE

Mimi ya pili inanipa /home/user/.ash_history.

Njia ninayoiamini ni kutoka nje. Nafunga terminali zote kwenye simu, nachomeka waya wa USB kwenye laptopu, kisha laptopu ndiyo inatuma amri moja tu:

ssh user@172.16.42.1 ': > ~/.ash_history'

Hiyo anwani ndiyo postmarketOS inayotumia kwenye USB. Uzuri wake ni kwamba ukituma amri moja namna hii hakuna sheli ya mazungumzo inayofunguka kule kwenye simu, kwa hiyo hakuna wa kuandika tena kitu, faili linabaki tupu. Hata wa bash inawafaa, mbadilishe tu jina la faili na anwani.

Na ndugu yangu wa Nyakato, ulishawahi kufanya sudo -i au sudo su? Kama ndiyo basi kule kwa root (akaunti ya msimamizi mkuu) kuna historia yake nyingine kabisa, /root/.bash_history, hiyo wengi wanaisahau. Ingia uiangalie.

Halafu nawaomba wote, kama mliweka imeji iliyo tayari mkaacha paswedi ya mwanzo, 147147 kwa postmarketOS au 1234 kwa Mobian, badilisheni leo. Zimeandikwa hadharani kwenye maelezo ya kuinstoli, kila mtu anazijua, na kama umewasha ssh mtu yeyote mliye naye waifai moja anaweza kujaribu. Hapo kusafisha historia hakuna maana yoyote.

otieno_ksm

Sasa wadau. Hiyo ya waifai ndiyo imenishtua kuliko PIN, nieleze kwa nini.

Amri ikipitia sudo haikai kwenye historia ya bash tu. Sudo yenyewe inaripoti kwenye logi (kumbukumbu) za mfumo, zinazoitwa journal, nani kaamrisha, saa ngapi, akiwa folda gani, na amri nzima jinsi alivyoiandika, paswedi ikiwemo. Boss jaribu hii uone:

sudo journalctl _COMM=sudo | grep nmcli

Utakuta mstari wenye COMMAND=/usr/bin/nmcli dev wifi connect, jina la mtandao, halafu neno password na paswedi yenyewe imekaa hapo bila kufichwa. Unaweza safisha historia mara kumi, hapo haiguswi. Na kama kuna /var/log/auth.log kwa simu yako cheki nayo, inategemea kama rsyslog (programu nyingine ya kuandika logi) ipo.

Kutoa mstari mmoja ndani ya journal haiwezekani kirahisi, unatupa logi za zamani zote:

sudo journalctl --rotate
sudo journalctl --vacuum-time=1s

Rotate ianze, kwa sababu vacuum haigusi faili ambalo bado linaandikwa.

Siku ingine tumia hii, inakuuliza paswedi yenyewe kwa mstari wake na haiandiki popote kwa historia:

nmcli --ask dev wifi connect "jina la mtandao"

Au tumia tu setingi za Phosh, zimewekwa hapo kwa sababu. Paswedi ya waifai bado itakuwa kwa simu ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections lakini hapo ni root peke yake anasoma, ni sawa, lazima ikae mahali ndio simu iunganike.

Na bekapu je? Kama huwa unakopi home yote kwenda laptopu kwa rsync basi .bash_history ilienda pia. Mimi nilipata yangu kwa flashi ya miaka miwili nyuma, na ile flashi nilikuwa nimeazima watu wawili.

kijana_wa_nyakato

Wakuu nimerudi, nimefanya hatua kwa hatua.

Ya PIN ilikuwa mistari miwili siyo mmoja! Inaonekana niliwahi kufanya kosa lilelile siku moja kabla, kwenye terminali ileile, sikugundua. Nimezitoa kwa history -d, nikaandika history -w, nikafunga nikafungua, hazipo. Kwa root palikuwa na sudo -i kadhaa lakini hakuna paswedi, asante dada bintpwani kwa kunikumbusha.

@otieno_ksm kaka umeniokoa. Ile amri ya journalctl nimeipiga na kweli kabisa, paswedi ya waifai ya kazini ipo kwenye logi, jina la mtandao na kila kitu, mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza nilikosea herufi. Nimekaa nikaiangalia kama dakika nzima. Nimefanya rotate na vacuum, sasa haipo.

Baada ya haya yote nimefikia uamuzi nizime historia moja kwa moja, nimeona mahali wanasema uweke unset HISTFILE kwenye .bashrc basi hakuna kitakachoandikwa tena milele. Mnasemaje, kuna ubaya?

mzee_chombo

Mwanangu subiri kwanza, usizime.

Nakwambia kwa yaliyonikuta. Mwaka juzi nilikuwa na hofu kama yako, nikapiga history -c && history -w nikaona nimetulia. Wiki mbili baadaye nikainstoli simu upya, nikaweka laini, intaneti ya laini hakuna. Nikakumbuka mara ya kwanza nilihangaika nikapata amri moja ndefu ya nmcli ya kuongeza muunganisho wa gsm na APN (jina la lango la intaneti ya laini) ya mtandao wangu, na nyingine za mmcli za kuamsha modemu, zote zilikuwa kwenye historia na kwingine kokote sikuziandika. Siku mbili nzima nimekaa na simu haina data natafuta upya kitu nilichokwisha kukijua. Hizi simu zetu hazina kitabu cha maelekezo kama za wengine, mambo mengi umeyafikia kwa kujaribu mwenyewe usiku, na palipoandikwa ulichojaribu kikakubali ni kwenye hiyo historia tu. Kabla ya kufuta chochote kopi amri nzuri ziweke kwenye faili la maelezo, amri-za-simu.txt, lolote, kisha ondoa mistari mibaya peke yake.

Badala ya kuzima, jizoeze kitu kimoja, amri yenye siri ianze na nafasi. Bonyeza spesi mara moja kisha ndio uandike. Debian kwenye .bashrc yake ya kawaida huweka HISTCONTROL=ignoreboth, maana yake mstari ulioanza na nafasi hauingii kwenye historia na unaofanana na uliotangulia hauingii mara mbili. Hakikisha kwa echo $HISTCONTROL, ikiwa tupu ongeza mwenyewe. Ila kumbuka aliyosema Otieno, nafasi inamziba macho bash tu, sudo ataripoti vilevile.

Na kwa kosa lako lile la kuandika paswedi sudo isipouliza, nafasi haikusaidii kwa sababu pale hukujua kama unaandika amri. Debian humkumbuka mtu dakika 15 baada ya kutoa paswedi, ndiyo sababu mara nyingine inauliza mara nyingine haiulizi na vidole vinakudanganya. Mimi nimeiwekea isikumbuke kabisa. Kwa sudo visudo (inafungua faili la mipangilio ya sudo) nimeongeza mstari huu:

Defaults timestamp_timeout=0

Sasa inauliza kila mara, vidole vimezoea, na mimi nasubiri nione neno la kuuliza ndipo niandike. Inachosha kidogo kwenye kibodi ya simu lakini sijaikosea tena.

Na ikitokea umeiandika sasa hivi na umeiona, na mengine ya kikao hicho huyahitaji, andika kill -9 $$ hapohapo. Terminali inakufa ghafla bila kuandika kitu.

La mwisho na ndilo kubwa, umebadilisha PIN? Nimesoma ulichoandika chote umefuta, umefuta, umefuta, sijaona mahali umebadilisha. Mdogo wako ameiona kwa macho yake. Hiyo haifutwi na history -d.

fundi_dom

Mzee kasema kweli, na mimi nilitakiwa nianze na hilo kabla ya amri zote zile.

Niongeze tu kwa sababu najua kuna mtu atakuja kushauri shred (amri ya kuandika juu ya faili ili lisisomeke tena). Kwenye simu usiitegemee. Hifadhi ya simu na kadi za SD ni flash, ukiandika juu ya faili mara nyingi kidhibiti chake kinapeleka maandishi mapya kwenye seli nyingine ili zisichakae upande mmoja, yale ya zamani yanaweza kubaki mpaka kitakapoamua kuyafuta chenyewe. Mtu wa kawaida hatayasoma, ila huwezi kusema yametoweka. Ukishabadilisha paswedi, hata akiyachimbua anapata namba isiyofungua kitu.

Kubadilisha ni passwd, bila sudo, na weka namba tu kama unataka kufungua skrini kwa vitufe vya Phosh. Na je wakati wa kuinstoli uliienkripti simu? Kama ndiyo na uliweka namba zilezile, passwd haigusi ile ya diski, ni kitu kingine kabisa. Hiyo unabadilisha kwa

sudo cryptsetup luksChangeKey

na nyuma yake unaandika njia ya patisheni yako, iangalie kwa lsblk -f, ile iliyoandikwa crypto_LUKS. Usikosee patisheni, na simu iwe na chaji ya kutosha.

otieno_ksm

Na ya kazini pia. Wewe kufuta logi yako haitoshi, kama hiyo simu imeshikwa na mtu mwingine kati ya wiki iliyopita na leo ambia mwenye kusimamia mtandao abadilishe. Sema tu ukweli, iliandikwa kwa logi ya simu yangu. Wengi wataona ni aibu lakini heri akuulize maswali leo.

bintpwani

@mzee_chombo shikamoo, hiyo ya faili la amri nimeifanya sasa hivi. Nimetoa amri 31 kwenye .ash_history, nyingine nilikuwa nimeshazisahau kabisa kama niliwahi kuzijua, kuna ya kurekebisha sauti ya simu wakati wa kupiga niliyoitafuta mwezi mzima. Ndiyo kwanza nasafisha.

kijana_wa_nyakato

Shikamoo mzee, na asanteni wote.

Ni kweli sikuwa nimebadilisha. Nilishughulika na faili tangu juzi na PIN ni ileile, hata wakati naandika hapa nilikuwa naifungulia simu kwa namba ambazo dogo anazijua. Nimebadilisha sasa. Diski sikuienkripti, hilo nitalifanya nikiinstoli upya mwezi ujao. Nimeweka ile timestamp_timeout=0, na APN yangu na amri zangu za modemu nimezikopi kwenye faili kabla ya kugusa kingine, zilikuwepo tatu na moja ni ndefu hata siwezi kuikariri. HISTCONTROL yangu ni ignoreboth kama ulivyosema, sijazima historia.

Msimamizi wa mtandao wa kazini nimempigia. Hakunigombeza, aliuliza tu imekaa muda gani, nikamwambia siku sita, akasema kesho asubuhi anabadilisha na yeye mwenyewe anaenda kuangalia kwenye laptopu yake kama hajafanya hivyohivyo.

Nimefunga terminali nimefungua. Mshale wa juu mara ya kwanza unanipa passwd, juu yake history -w. Simu nimemrudishia dogo amalizie kuiangalia.